Bastola moja, mashtaka matano, miaka 70: Kijana, zihesabu siku zako kumi!

KIJANA mwenzangu unayesoma gazeti hili ukiwa umesimama pale mezani kwa muuza magazeti, naye anakutazama kwa jicho la "nunua au ondoka", vumilia kidogo. Leo sina habari ya kigogo aliyekula fedha za umma. Leo nina karatasi moja ambayo, Mungu apishie mbali, unaweza kukabidhiwa siku moja nawe ukaikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma. Karatasi hiyo inaitwa hati ya mashtaka.

Naomba nieleweke tangu mwanzo. Sitetei majambazi. Mama wa watu anayefunga kibanda chake cha fedha za simu saa mbili usiku, akawekewa mtutu kifuani, ana haki ya kuiona Serikali ikimtafuta mtu huyo na kumfunga. Hilo halina ubishi. Ubishi wangu ni juu ya namna Serikali inavyofunga, na juu yako wewe unavyokubali kufungwa ukiwa umelala usingizi.

Hebu tuseme mnapanga chumba kimoja vijana wanne, kama tunavyopanga wengi wetu mjini. Kibanda cha wakala kimevamiwa Jumanne usiku. Ijumaa alfajiri mlango wenu unapigwa teke. Chini ya godoro inatoka bastola ikiwa na risasi tatu, pamoja na simu ya wakala yule. Wenzako watatu wako kwenye shughuli zao. Uliyekutwa ni wewe. Pingu hizo, twende.

Ukifika mahakamani unasomewa. Kosa la kwanza, kula njama ya kutenda kosa. La pili, unyang'anyi wa kutumia silaha. La tatu, kupatikana na silaha bila leseni. La nne, kupatikana na risasi bila leseni, yaani zile zile risasi tatu zilizokuwa ndani ya tumbo la bastola ile ile. La tano, kupokea mali ya wizi, nayo ni simu ile ile inayodaiwa kwenye kosa la pili kwamba uliipora mwenyewe kwa mkono wako!

Umeona hesabu hiyo? Usiku mmoja, bastola moja, simu moja, lakini mashtaka matano.

Kwa nini hufanyika hivyo? Mimi nimekaa sana kwenye mabenchi ya mahakama nikitafuta habari za kuuza, na nimewasikiliza waendesha mashtaka wakiongea nje wakati wa chai. Jibu lao ni rahisi: ukirusha mawe matano, moja litapiga. Kuna jibu la pili ambalo hawalisemi kwa sauti. Kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha halina dhamana. Likishaandikwa neno hilo "silaha" basi wewe ni wa mahabusu mpaka kesi iishe, hata ikichukua miaka mitatu. Tena usidhani silaha ni bunduki tu. Panga, kisu, nondo, vyote vimo. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilikifuta kipande kimojawapo cha sheria ya kunyima dhamana kwa kuwa kilikwenda kinyume cha Katiba, na watu wakafurahi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikajaribu tena kukitikisa kifungu hicho cha makosa yasiyo na dhamana. Mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikasema hapana, kibaki. Kwa hiyo ndivyo tulivyo.

Sasa tuingie kwenye hayo mashtaka yenyewe, maana hapo ndipo penye chakula.

La kwanza, kula njama. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba ikiwa kosa lenyewe limetendeka, si sahihi kumshtaki mtu kwa kosa hilo na papo hapo kumshtaki kwa kula njama ya kulitenda. Njama ni ya jambo lililopangwa. Likishafanyika, njama imemezwa na tendo. Lakini nenda kasikilize mashtaka yakisomwa, utashangaa namba moja bado ni hiyo hiyo kula njama, kana kwamba hukumu hizo ziliandikwa kwa ajili ya nchi nyingine.

La tano, kupokea mali ya wizi. Huwezi kuwa mwizi wa simu na wakati huo huo mpokeaji wa simu hiyo hiyo kutoka kwa mwizi. Ulijikabidhi mwenyewe? Linaweza kuandikwa kama shtaka mbadala, kwamba likishindikana la unyang'anyi basi tuangalie hili. Lakini hakimu akikutia hatiani kwa yote mawili, hapo una sababu ya rufaa iliyonona.

La tatu na la nne, silaha na risasi. Hapa sikufichi, sheria haiko upande wako. Kumiliki silaha bila leseni ni kosa linalojitegemea, na risasi vile vile, hata kama zilikuwa ndani ya bastola. Na si kosa dogo. Sheria ya kudhibiti silaha na risasi iliyopo ni ya mwaka 2015, lakini makali yako kwingine: makosa haya yamewekwa kwenye orodha ya uhujumu uchumi, ile sheria ya mwaka 1984 iliyotungwa baada ya msako wa walanguzi enzi za Sokoine. Kijana wa chumba cha kupanga, huna hata godoro la pili, na wewe umehujumu uchumi! Hadi mwaka 2016 kosa la uhujumu lilikuwa na kifungo kisichozidi miaka 15. Mwaka huo Bunge likapandisha: sasa ni kuanzia miaka 20 hadi 30.

Na la pili lenyewe, unyang'anyi wa kutumia silaha, ni miaka 30, na hiyo ndiyo ya chini. Hakimu hawezi kushuka hata akikuonea huruma, hata kama ni kosa lako la kwanza na mama yako anazimia pale mlangoni. Hii ni hadithi ndefu. Mwaka 1963 Serikali ilitunga sheria ya adhabu za chini ikiwa na viboko 24, nusu siku ya kuingia gerezani na nusu siku ya kutoka. Mwaka 1972 ikatungwa nyingine badala yake, ikawa inaongezewa makali kila ujambazi ulipopamba moto, mpaka ikafika hiyo 30. Mwaka 2004 kosa likapewa kifungu chake lenyewe kwenye Kanuni ya Adhabu. Kila mara wabunge wanapandisha, wanapiga meza, wanakwenda kula. Mtutu nao haujaacha kutembea.

Haya, tujumlishe. Thelathini ya unyang'anyi, ishirini ya bastola, ishirini ya risasi. Jumla 70. Ukiwa na miaka 22 utatoka na 92.

Utaniambia, aa, vifungo vinakwenda pamoja, kila mtu kijiweni anajua hivyo. Hapana, ndugu yangu. Kijiwe kimekudanganya. Sheria yetu inasema kinyume: mtu akitiwa hatiani kwa makosa zaidi ya moja katika kesi moja, vifungo vinafuatana, kimoja kikiisha kinaanza kingine, ISIPOKUWA mahakama iagize viende sambamba. Ni agizo, lazima litamkwe na liandikwe. Desturi ya mahakama kwa miaka mingi ni kwamba makosa yaliyotokana na tukio moja vifungo vyake viende sambamba, na hakimu makini hulitamka. Lakini yuko hakimu aliyechoka, ana kesi kumi siku hiyo, anasoma adhabu haraka haraka na neno hilo linamponyoka. Neno moja tu, na tofauti yake ni miaka 40.

Mimi siku moja nimeshuhudia, mahakama siitaji, hakimu amemaliza kusoma, ameinuka, na hakuna hata mmoja aliyejua kama vifungo vile vimeagizwa kwenda pamoja au la. Nilimuuliza karani, akanijibu, "Watajuana huko gerezani." Watajuana!

Hapo ndipo rufaa inapoingia. Wengi wetu tunadhani rufaa ni kuomba msamaha, kwamba unampigia Jaji magoti. Rufaa si magoti. Ni kumwambia Jaji: mwenzako wa chini alikosea hapa, hapa na hapa, karatasi yake hii. Na makosa kwenye kesi za silaha ni mengi kuliko unavyodhani, tena chanzo chake ni huo huo mrundikano wa mashtaka.

Sikiliza vizuri. Kosa la silaha likiwa ni la uhujumu uchumi, haliwezi kusikilizwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi hivi hivi tu. Kwanza kinatakiwa kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP, kuruhusu ushtakiwe. Pili inatakiwa hati inayoipa mahakama hiyo ya chini mamlaka ya kuisikiliza. Na ikiwa kosa la uhujumu limechanganywa na lisilo la uhujumu, kama hapa bastola imechanganywa na unyang'anyi, hati yake ni ya namna nyingine, ina kijifungu chake. Vyote hivyo viwepo kabla kesi haijaanza kusikilizwa, si katikati, si mwishoni. Kisipokuwepo kibali, au hati ikawa si ile, mahakama ile haikuwa na mamlaka, na kilichofanyika pale ni batili. Mashahidi wote, hukumu yote, kifungo chote, ni sawa na mchezo wa kuigiza. Mahakama ya Rufani imefuta kesi nyingi kwa sababu hiyo, nyingine mtu ameshakaa gerezani miaka mingi.

Sasa wewe jiulize. Ofisi ya Serikali yenye mawakili, magari na mihuri, inashindwa kuweka karatasi mbili kwenye jalada. Matokeo yake jambazi wa kweli anatoka, mama wa kibanda anamwona tena mtaani. Au asiye na hatia anakaa miaka minane akisubiri Majaji watatu wagundue kwamba karatasi haikuwepo. Wote wawili wameonewa na uzembe ule ule. Wangeshtaki kosa moja zito wakalithibitisha, nani angelalamika?

Liko jingine. Kwenye unyang'anyi, hati ya mashtaka inatakiwa imtaje mtu aliyetishiwa au kupigwa. "Aliiba simu akiwa na bastola" haitoshi. Bastola ilielekezwa kwa nani? Mahakama ya Rufani imeona huo ni upungufu mkubwa. Lakini usishangilie mapema. Miaka ya karibuni Majaji wamelegeza: kama ushahidi ulieleza wazi aliyetishiwa, nawe ulielewa shtaka ukajitetea, wanaweza kusema kasoro hiyo haikukudhuru. Kwa hiyo rufaa yako usiitundike kwenye kosa la kalamu peke yake. Ibebe na ushahidi. Nani alikutambua, kwa mwanga gani, kwa umbali gani, kwa dakika ngapi? Je, alikutaja mara ya kwanza alipotoa maelezo polisi? Bastola ilivyotoka chini ya godoro ilipita mikononi mwa nani mpaka ikafika mahakamani? Chumba kilikuwa cha wanne. Nani amethibitisha kwamba ni yako?

Haya yote yaseme kwenye rufaa ya kwanza, Mahakama Kuu. Huko Jaji ana wajibu wa kuupima ushahidi upya, kama vile kesi inasikilizwa tena kwenye karatasi. Ukienda juu zaidi, Mahakama ya Rufani, unakuwa umebaki na mambo ya kisheria, na jambo la ushahidi ambalo hukulisema chini watakwambia hawana mamlaka nalo. Wako wafungwa wanaoandika sababu tatu za haraka haraka kwa kumwiga mwenzao wa selo, kumbe yule kesi yake ilikuwa ya bangi.

Na tahadhari, hili mawakili wa vijiweni hawalisemi: rufaa inaweza kukuongezea. Kama hakimu alikosea akakupa miaka 15 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, ukikata rufaa na kosa likathibitika, Jaji ana uwezo wa kuipandisha mpaka 30 ya sheria. Wapo waliokwenda kulalamikia adhabu wakarudi nayo ikiwa mara mbili. Ndiyo maana nasema soma kwanza.

Tena kushinda kwa sababu ya kibali si lazima uende nyumbani. Kesi ikishafutwa, Mahakama huamua kama isikilizwe upya au uachiwe. Kipimo chake kinatokana na hukumu ya mwaka 1966 ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambayo Majaji wetu wanainukuu mpaka leo: kesi hairudiwi ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Ushahidi ukiwa mbovu, unaachiwa. Ukiwa mzito, unarudi mahabusu na kuanza moja, ingawa mara nyingine Majaji huagiza kwamba ukifungwa tena, miaka uliyokwisha kukaa ihesabiwe.

Wenzetu wa Kenya nao wana yao. Kwao unyang'anyi wa kutumia nguvu una adhabu ya kunyongwa, na mahakimu walikuwa wakimhukumu mtu kunyongwa kwa shtaka la kwanza, kunyongwa kwa la pili, kunyongwa kwa la tatu. Mahakama yao ya Rufani ikawakumbusha kwamba binadamu ana shingo moja, hizo nyingine ziwekwe kando.

Basi turudi kwetu, kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni siku.

Ukishahukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, sheria inakupa siku 10 kutoa taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa. Si siku 10 za kazi, ni siku 10. Halafu unapewa siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe ikiwa na sababu zake, bila kuhesabu muda uliotumika kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Ukiwa gerezani, unaikabidhi kwa Mkuu wa Gereza naye anatakiwa aifikishe. Ukichelewa unaweza kuomba uongezewe muda, lakini lazima utoe sababu ya maana, na "sikujua sheria" haijawahi kuwa sababu ya maana.

Wangapi wanaijua hiyo 10? Kuna usiku wa kwanza wa gereza, kuna kulia, kuna ndugu wanaokimbizana na dalali wa "kuongea na wakubwa", anawala laki zao mbili na kuzima simu. Siku ya kumi na moja ndipo mtu anaamka. Na nakala ya mwenendo? Ni haki yako, lakini danadana zake mnazijua: mchapaji hayupo, jalada liko kwa hakimu, hakimu yuko semina, njoo Jumatatu. Miezi inapita. Kisha ikifika ni ya Kiingereza! Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, nami naipongeza, lakini hazina yote ya hukumu za zamani ambazo ungezitumia kujitetea imeandikwa kwa lugha ya Malkia. Na namba za vifungu nazo zimebadilishwa katika toleo jipya la sheria zetu, hivyo usikariri namba ulizosikia kwa wazee wa gereza. Uliza iliyopo leo.

Tunachokidai si kikubwa. DPP achague kosa analoweza kulithibitisha, aache kumwaga debe zima. Hakimu asiinuke kitini kabla hajatamka vifungo vinakwendaje, na kabla hajamweleza mfungwa kwa Kiswahili siku zake za rufaa. Nakala itoke bila kuombwa kitu kidogo. Na Bunge lirudishe kwa hakimu uwezo wa kupima: aliyempiga mtu risasi na aliyeshika nondo nje ya dirisha akiwa mlinzi wa wenzake, leo wote ni 30, sawasawa. Hiyo ni haki ya mizani gani?

Ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili. Ndugu yako akikamatwa, itumie kabla hujampa dalali hata senti. Dai hati ya mashtaka. Hesabu makosa. Uliza kibali kiko wapi, kimetolewa tarehe gani, na kesi ilianza kusikilizwa tarehe gani. Andika kwenye daftari, hata la shule.

Anayehukumiwa leo saa tano asubuhi, saa tisa anapakiwa kwenye karandinga. Kesho ni siku ya kwanza.